Kutu si Leseni

Wacha niseme, kisha mnitukane mkitaka.

Wiki jana rafiki yangu (jina nalificha, mamake hunifuata hapa) amenitumia video. Ameshika bastola. Chuma cheusi, kutu tele, mpini wa mbao una ufa. Yuwacheka. "Mwanangu, antiki hii! Ya afisa wa Kiingereza, Vita vya Kwanza. Elfu 35 tu, nishatoa arbuni elfu 5. Video zangu zitawaka!"

Nikamwuliza maswali matatu. Hakuwa na jibu hata moja. Hasira zangu wala si kwa muuzaji. Ni kwa sisi vijana wa Mji wa Kale, tunaouziwa hadithi tukadhani tumenunua historia.

La kwanza: umeikagua, ama umesikiliza tu?

Kwetu kila birika la shaba lilikuwa la Sultani. Mimi nishaonyeshwa bastola ya gumegume, ile ya kupiga cheche kwa jiwe, nikaambiwa ni ya Vasco da Gama. Vasco da Gama alifika Mombasa 1498, akafa 1524. Bastola za aina ile zimekuja miaka ya 1600. Labda aliinunua kaburini.

Haya, afisa wa Kiingereza. Bastola yao maarufu ya vita vile ni Webley Mark VI, iliyoingia jeshini 1915. Ni rivolva, huvunjwa katikati ukitaka kutia risasi. Sasa ishike uiangalie, na uichukulie kama ina risasi mpaka mjuzi akwambie haina. Maandishi yamegongwa kwenye chuma, kingo zake kali? Ama yamelainika kama ya kipande cha sabuni, yametoka pamoja na chuma kwenye kalibu? Ina nambari yake? Skrubu zake je? Za msalaba zimekuja miaka ya 1930, kwa hivyo ukiziona kwenye bastola ya 1915, ama imechezewa ama imezaliwa jana. Na kutu: iliyopikwa kwa chumvi na ndimu huenea rangi moja kila mahali, hata pale ambapo mkono wa mtu ungepasugua miaka na miaka.

La pili: na kama ni ya kweli?

Hapa ndipo watu hujidanganya. Ikiwa feki, umepoteza pesa. Ikiwa ya kweli, umeingia shimoni zaidi. Kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kumiliki silaha bila cheti ni kosa, na swali la kama yako yahitaji cheti hujibiwa na Bodi ya Leseni za Silaha, si na ami wa dukani anayetaka kufunga aende kuswali. Kutu si leseni. Unauliza kabla ya kutoa pesa, si baada.

"Lakini ni mapambo tu, ni ya video." Sawa. Kijana wa miaka 20, saa 4 usiku, kichochoro chembamba, bastola mkononi. Polisi anayekuja mbele yako atauliza mwaka wa kutengenezwa? Hata ikiwa ya plastiki, hatauliza. Wewe wataka watazamaji elfu 10, mamako amtaka mwanawe arudi nyumbani.

La tatu: ilikuwa ya nani?

Vigango vya Wamijikenda viliibwa vijijini, vikauzwa kama mapambo, vikaishia makumbusho ya Marekani. Viwili vilivyoibwa 1985 vilirudi kwa wenyewe 2007. Miaka 22! Na kila aliyevinunua njiani alisema hivyohivyo: ni mapambo tu.

Na hivyo vita unavyotaka kuvipigia picha, wavijua? Wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao, Carrier Corps. Wao hawakupewa Webley. Walipewa mizigo. Bastola ilikuwa kiunoni mwa yule aliyewaamrisha watembee. Leo mjukuu wao atoa elfu 35 ili afanane na yeye.

Msiniambie nachukia historia. Ngome ya Yesu iko pale, watembea kwa miguu tu. Ndani mna vitu vya Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama 1697 Ngome ikiwa imezingirwa na Waomani. Wapiga mbizi walianza kuichimba 1977, na kila kilichotolewa chajulikana kilitoka wapi. Hiyo ndiyo antiki. Tofauti yake na takataka ni ushahidi, si kutu. Kapige video hapo.

Mwisho wa kisa: nilimpeleka rafiki yangu na picha zake kwa mzee mmoja fundi wa chuma. Mzee hata miwani hakuvaa. Maandishi ya kalibu. Skrubu mbili za msalaba. Arbuni imekwenda, hairudi.

Jamaa amenuna mpaka leo. Nimemwambia amshukuru Mungu ni feki.