NAULI YA WATU WAWILI

Mlionikosa vijiweni Sinza, nilikuwa Kilosa kumjulia hali bibi. Lakini safari yenyewe ilikuwa na lake jambo, na leo natoboa.

Siku ya kuondoka shangazi kanishika mkono. "Ukirudi nitafutie kabinti ka kazi, baba. Kasiwe kajanja." Kanipa nauli ya kurudi watu wawili na cha juu kidogo. Nikasema poa. Mjini hapa nani asiyeagiza hausigeli kama anavyoagiza mchele wa Mbeya?

Kule haikunichukua hata siku moja. Jirani wa bibi ana binti wa miaka 13, bado yuko shule ya msingi. Mama yake akaniuliza, "Huko atasoma, mwanangu?" Nikamjibu, "Atasoma cherehani, mama." Jamani, shangazi hakutaja cherehani hata siku moja! Uongo ulinitoka wenyewe, laini kama ubwabwa.

Jumapili ikaangukia Februari 8. Bibi akasema, "Mume wangu, leo unanisindikiza kanisani." Padre akahubiri habari za Mtakatifu Bakhita. Mimi nilizoea watakatifu wa Kizungu, kumbe huyu ni wa Darfur kule Sudan, alizaliwa karibu mwaka 1869. Akiwa mtoto alikutana na wanaume wawili, wakamtuma akawachukulie kifurushi walichosahau kichakani. Akaenda, na ndiyo ikawa imetoka. Aliuzwa mara kadhaa, na kwa hofu alisahau hata jina alilopewa na wazazi. Hilo la Bakhita, maana yake mwenye bahati, alibandikwa na waliomteka. Mwisho alifikishwa Italia, mahakama ikamtambua kuwa mtu huru mwaka 1889, akawa sista. Alifariki Februari 8, 1947, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza mtakatifu. Tangu 2015 Wakatoliki duniani wanaitumia siku yake kuombea wanaouzwa na kutumikishwa.

Na si sala tu. Masista wana mtandao wao wa Talitha Kum, ulioanzishwa 2009, unaosaidia waliokwisha kuuzwa na kuwazindua ambao bado. Hata hapa kwetu kazi hiyo ni ya zamani. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakajenga kijiji cha watumwa waliokombolewa. Na misafara ya watumwa kutoka bara ilikatiza wapi? Usagara, nchi hii hii ya Kilosa.

Padre akamalizia: "Siku hizi minyororo hakuna. Kuna simu na nauli."

Nikapapasa mfuko wa suruali. Nauli ya watu wawili ilikuwa humo.

Msinielewe vibaya. Kazi za ndani si dhambi. Mtu mzima anayelipwa mshahara wake, anayepiga simu kwao na kuondoka anapochoka, huyo ni mfanyakazi kama wewe wa ofisini. Lakini kumbeba mtoto kwa uongo akatumikishwe ni kosa chini ya sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ya mwaka 2008. Akiwa chini ya miaka 18 kosa linazidi uzito, na kusema "mwenyewe alikubali" hakukuokoi.

Jioni nikamrudia mama wa binti, nikamwambia cherehani haipo. Akanitazama weee. "Kumbe ulinidanganya, mwanangu?" Sikuwa na jibu.

Kesho yake nikapanda gari hadi Mikumi, pale kwenye barabara kuu, kusubiri basi la Dar. Pembeni yangu kulikuwa na mama mmoja na vibinti vitatu, nguo zao zote kwenye mfuko mmoja. Nikamwuliza mmoja, "Unaitwa nani, mdogo wangu?" Kabla ya kujibu akamtazama kwanza yule mama. Halafu akanyamaza. Basi la kwenda Iringa likaja, wakapanda, likaondoka. Namba 116 ya kuwasaidia watoto nilikuwa nayo kichwani, na kupiga ni bure. Sikupiga. Nilijiambia labda ni mama yao. Hadi leo naona noma. Wewe yakikukuta, piga. Kama ni mama yao kweli, utaomba radhi.

Nilipofika Sinza shangazi kaniuliza, "Yuko wapi?" Nikamrudishia nauli yake. Akafoka, mjini nimeharibika. Nikamwuliza swali moja tu: yule binti wa mwaka jana, aliyekaa hapa miezi minane, alikuwa anaitwa nani?

Shangazi kawaza. Kaangalia dari.

"Si tulikuwa tunamwita Dada," akasema, sauti chini.

Na wewe msomaji, huyo wa kwenu unalijua jina lake? Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.