"Sikuona" Nalo Ni Jibu



Katika shule zetu wako wamoja wanaosema: sayansi ni kazi ya wakubwa wenye mashini na makuta, sisi wanafunzi kazi yetu ni kukopia ubaoni. Sisi hatukubali. Iko kazi moja ya sayansi ambamo watu wasio na diplome ya mambo ya nyota wanatumika pamoja na wataalamu, na kazi yao inapokelewa.

Munajua kupatwa kwa jua: mwezi unapita mbele ya jua. Vilevile jiwe kubwa linalozunguka jua, yaani asteroidi, mara zingine linapita mbele ya nyota. Hapo nyota inapotea sekunde chache, kisha inarudi. Kivuli cha jiwe lile kinakimbia juu ya dunia, na upana wake ni karibu sawa na upana wa jiwe lenyewe. Basi mtu anashika saa ya kweli na kuandika: nyota imepotea saa hii, imerudi saa hii, nami nilisimama mahali hapa. Kama kivuli kinakwenda kilomita 10 kwa sekunde, na nyota imepotea sekunde 20, amepima kilomita 200 za jiwe ambalo hawezi kulifikia. Ni hesabu ya kuzidisha tu!

Lakini mtu mmoja anapima mstari mmoja. Kwa kupata umbo zima inafaa watu wengi, kila mmoja mahali pake. Wataalamu ni wachache, na darubini zao kubwa hazihamishwi kufuata kivuli. Tarehe 29 Mei 1983 asteroidi Pallas ilipita mbele ya nyota moja. Watazamaji wa kusini ya Marekani na kaskazini ya Mexico, wengi wao watu wa kazi zingine kabisa, walipima toka vituo 130. Kwa vipimo vile wataalamu walichora umbo la Pallas, yenye upana kupita kilomita 500.

Sasa neno tunalotaka kukazia. Mtu aliyesimama nje ya kivuli, nyota isipotee kwake, je, amepoteza usiku wake bure? Hapana! Yeye anaonyesha kwamba jiwe halikufika pale. "Sikuona" ni jibu, ikiwa alikuwa macho kweli. Lakini aliyesinzia, kisha akaandika sekunde za jirani, anaharibu kazi ya wote: jiwe linaota pembe ambayo haiko.

Tena mwaka 2023 wataalamu walitangaza pete inayozunguka Quaoar, dunia ndogo iliyo mbali kupita Neptune. Pete ile iko mahali ambapo walifikiri pete haiwezi kudumu. Kati ya vipimo vilivyoionyesha, viko vya watazamaji wa kujitolea wa Australia. Kama kila mtu angefuta upungufu ule mdogo wa mwanga kwa sababu kitabu hakikuutaja, pete ingebaki imefichwa.

Na katika labo zetu, namna gani? Wengi wakipima pendulo, mbele wanatafuta jibu la kitabu, 9,8, kisha wanatunga vipimo vya kulifikia. Wengine wanafungua kaye ya rafiki. Hii si sayansi, ni uongo ulioandikwa kwa mwandiko mzuri. Tunawaomba profesa wetu kwa heshima: mwanafunzi aliyepata 9,2 na kueleza vizuri alivyopima, mumpe pointi kupita yule aliyeleta 9,8 ya kukopia.

Nanyi wandugu, musingoje mashini. Mwezi wenyewe unaficha nyota. Ukiwa bado unakua, tokeni jioni na darubini ndogo ya macho mawili, mutazame upande wake wa giza. Nyota inazimika mara moja, pap! sababu mwezi hauna hewa. Andikeni saa na mahali. Na kama mawingu yamefunga, andikeni: mawingu.