Barua ya wazi kwa Meya wa Lubumbashi: wakazi waulizwe kabla saruji haijamwagwa

Mheshimiwa Meya,

Mbele ya jengo la Posta, katikati ya mji, imesimama sanamu ya Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga. Nje ya mji, Shilatembo, ndipo Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi, alipouawa tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na ndipo jeneza lenye jino lake, mabaki yake pekee, lilipopitishwa Juni 2022 kabla ya maziko ya Kinshasa. Lubumbashi imewabeba wote wawili, Tshombe na Lumumba. Wapo wanaopita mbele ya Tshombe kwa fahari, na wapo wanaogeuza uso. Anayedhani kwamba mambo ya sanamu ni ya fundi wa saruji na mhasibu wa mairie peke yao hajakaa sana katika mji huu.

Ndiyo maana ofisi ya Mheshimiwa inaombwa iunde kamati ya ushauri kuhusu sanaa za hadharani: sanamu, michoro ya kutani, mapambo ya rond-point, mabamba ya kumbukumbu. Na nafasi zake zitangazwe ili mkazi yeyote mwenye ujuzi aombe, majina yasije yakapangwa kwa simu.

Watu wa kuingia hawakosekani. Mwaka 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya uchoraji ambamo walitokea Bela Sara, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi nzima katika picha zaidi ya mia moja, akimsimulia kila moja mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Picha hizo leo ziko Amsterdam. Mtoto wa komini ya Katuba anayetaka kuziona atafute kwanza viza.

Enzi hiyohiyo wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Gécamines na majirani zao walinunua picha za kutundika sebuleni: Colonie belge (ukoloni wa Wabelgiji), mamba muntu (nguva), mumbunda na mampala, yaani lile bomba la moshi na kile kilima cheusi cha takataka za shaba ambavyo mpaka leo ndiyo sura ya mji. Hawakupangiwa na mtu. Walichagua, wakapatana bei na mchoraji, wakalipa kutoka mfukoni mwao, kisha wageni wakija wakabishana juu ya picha hizo mpaka usiku. Wazee waliokulia katika sebule hizo wako hai. Hao ni wajuzi wa sanaa hata kama hawana diploma, na kamati itakayowaacha nje itakuwa imejinyima macho.

Vijana nao wana lao. Mwaka 2008 Sammy Baloji, Patrick Mudekereza na wenzao walianzisha Rencontres Picha, zilizokua zikawa Biennale ya Lubumbashi. Toleo la 2022 lilizungumzia sumu, katika mji ambao watu wake wanajua vumbi la madini linavyokaa kooni. Wasimamizi wa maonyesho wamekuja hapa kutoka nchi za mbali. Ajabu ni kwamba rond-point mpya ikijengwa, msanii wa komini ya Kamalondo huiona kwa mara ya kwanza siku kitambaa kinapovuliwa.

Mifano ya kupima ipo humu nchini. Goma, mwaka 2009, walisimamisha sanamu ya mtu akisukuma chukudu, baiskeli ya mbao inayobeba viazi na makaa. Mkazi yeyote wa Goma anajiona pale. Lakini katika mkoa wa Haut-Lomami, jirani na wetu, ripoti ya shirika la The Sentry ya mwaka 2020 ilieleza kuwa kazi ya sanamu ilipewa kampuni ya wafanyabiashara wawili wa Korea Kaskazini, nchi iliyo chini ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa. Kamati yenye meno ingeuliza swali moja tu: mafundi wetu wa kuponda shaba walikuwa wapi?

New York wana tume ya namna hii tangu 1898. Wajumbe wake 11 hawalipwi mshahara. Humo sheria inataka awemo mchoraji, mchongaji na msanifu majengo, pamoja na wawakilishi wa makumbusho na maktaba, na raia watatu wasio wasanii. Lubumbashi haina haja ya kunakili kila kitu, ila hao raia watatu ni wazo la kuibwa mchana kweupe. Hapa waongezwe: mmoja wa Musée national, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), fundi wa shaba, na sauti kutoka kila moja ya komini saba, kuanzia Ruashi hadi Annexe.

Masharti mawili ni ya lazima. Mjumbe asipewe tenda ya sanaa ya mji wakati yumo kwenye kamati, wala ndugu yake. Na mikutano ifanywe kwa Kiswahili, karatasi za Kifaransa zifuate baadaye, la sivyo wenye maneno mengi watakuwa walewale wa siku zote.

Huenda mshauri akamwambia Mheshimiwa asubiri baraza la mji likamilike. Lakini sheria ya ugatuzi, inayoweka mabaraza hayo, ni ya Oktoba 2008. Madiwani wa komini walikuja kupigiwa kura Desemba 2023. Kwa mwendo huo, saruji nyingi itakuwa imekauka. Kamati ya ushauri haihitaji kura. Uamuzi wa Meya na chumba chenye viti vinatosha, pamoja na nauli ya basi kwa wanaotoka mbali. Ajenda ya kikao cha kwanza iwe hii: orodha ya kila sanamu na bamba lililopo mjini, nani alilichonga, nani alililipia, na nani ana jukumu la kulisafisha.