Bunduki ya Kukopesha Njo Inaua Desturi, Si Ile ya Otomatike

Kila mara tunapozungumuza desturi ya kuwinda mu chama chetu, kuna mtu anayesimama na kusema neno lile lile: "Bankambo waliwinda na upinde na mitego. Bunduki ilileta uharibifu, na hii ya otomatike ya kupiga tano-tano njo imemaliza ndege." Watu wanapiga mikono, kiisha tunaingia mu habari ingine. Mimi nasema neno hilo si kweli. Tena ni neno la hatari, juu linamufunika mwenye kosa. Kosa haliko mu chuma. Kosa liko kwa mwenye bunduki anayebaki mjini, anayeituma mu pori mikononi mwa mtu mwingine, na ambaye yeye mwenyewe hajui hata namna ya kuifungua.

Tuanze na bankambo, kwa kuwa wanatajwa sana. Chibinda Ilunga, yule mwindaji wa ukoo wa kifalme wa Waluba aliyefika kwa Walunda na kumuoa Ruwej, njo baba wa uwindaji kwa makabila mengi ya kusini mwa inchi yetu. Wachokwe walimuchonga mu mbao karne ya 19, na sanamu zile leo ziko mu majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Ile ya Berlin inashika nini mkononi? Inashika bunduki, gumegume ya zamani. Wachongaji wale hawakuona haya kumupa babu wa wawindaji silaha iliyotoka ng'ambo. Na Msiri wa Bunkeya? Jina la Wayeke lenyewe linatoka kwa chama cha wawindaji wa tembo cha Unyamwezi, na nguvu yake ilisimama juu ya pembe, bunduki na baruti mpaka siku alipouawa, tarehe 20/12/1891. Basi mtu asituambie kama bunduki ni mugeni wa jana.

Lakini tuangalie vizuri, mwenye upinde alikuwa mtu wa namna gani? Kamba ya upinde aliisokota yeye. Mushale alinyoosha kwa moto yeye, na manyoya akayafunga yeye. Kwa ndege alikuwa na mushale wa kichwa butu, wa kuangusha bila kupasua nyama, na alijua muti gani unatoa ulimbo wa kunasa na saa gani ya kuutega. Kitanzi cha kanga pembeni ya shamba alikiangalia asubuhi na mangaribi. Mwindaji alikuwa fundi wa chombo chake. Desturi ilikuwa pale, mu mikono na mu kujua, hata kama chombo kilibadilika.

Sasa ile otomatike, ambayo kwa kweli ni nusu-otomatike juu kila risasi inaomba kidole kivute mara ingine. Ya kwanza kutengenezwa kwa wingi na kufaulu njo ile ya John Browning, Mmarekani, iliyotoka mu kiwanda cha FN pale Herstal, karibu na Liège, mwanzo wa miaka ya 1900. Waliiita Auto-5: kartushi nne mu bomba, moja mu chumba, jumla tano. Browning mwenyewe alikufa kule kule Liège mu 1926. Ni bunduki ya Wabelgiji, na Wabelgiji walitutawala mpaka 1960, si ajabu kukuta moja imefungwa mu gunia juu ya kabati ya familia, na watoto wanaambiwa "hii ni ya nkambo." Wengi wanaitunza vile wanavyotunza picha ya ndoa. Kumbe bunduki si picha.

Mu chombo hiki, ukipiga, mtutu wenyewe unarudi nyuma pamoja na kifungio, na resori kubwa inayozunguka bomba la kartushi chini ya mbao ya mbele inaukamata. Pamoja na resori ile kuna breki ya bronzi na pete ya chuma. Kwa kartushi nzito, ile ya bata-bukini, pete ya chuma inakaa mbele, kati ya resori na bronzi, upande wake wa mshazari ukielekea bronzi: inakaza na kupunguza mwendo wa mtutu. Kwa kartushi nyepesi, ya kwale na njiwa, pete inatolewa pale na kuwekwa nyuma ya resori, inapumzika. Ni jambo la dakika tano. Ukisahau, ukapiga nzito na pete iko nyuma, mtutu unagonga kama nyundo na mbao inapasuka. Ukikosea upande mwingine, ganda halitoki na bunduki inakwama. Niambieni, wandugu, ni wenye bunduki wangapi wa mji huu wanajua pete yao iko wapi leo?

Na mafuta! Bomba lile linaomba mafuta kidogo sana, ya kupanguza na kitambaa tu. Mtu anamwaga mafuta kama anakaanga samaki, anazania anaipenda bunduki yake, kiisha breki inateleza na mbao njo inalipa. Wengine wanapaka mawese. Mawese inakauka, inakuwa gundi, inashika vumbi. Wengine wanapaka mafuta ya moteri iliyokwisha kutumika, nyeusi, imejaa masizi na uchafu wa chuma. Mafuta ya mashine ya kushona inatosha. Kachupa kamoja kanamaliza mwaka. Kiisha bunduki isimame mdomo chini, ili mafuta isishuke na kuozesha mbao ya kitako. Wakati wa mvua, toka mwezi wa 11 mpaka wa 4 kwetu huku Katanga, chuma kisichopanguzwa siku ile ile kinaanza kutu usiku ule ule. Mwenye pupu wa zamani alijua hayo. Baruti nyeusi inaacha chumvi yenye kuvuta maji, basi alimimina maji ya moto mu mtutu, akakausha, akapaka mafuta, kisha njo alikula bukari yake. Mwenye otomatike ya pesa nyingi hafanyi nusu ya kazi ile.

Juu ya nini? Juu si yeye anayewinda. Hapa njo tunafika mahali wazee wetu wanaogopa kutaja, maana wenye bunduki ni watu wakubwa, wengine wanakaa mbele mu mikutano yetu. Mapatano yanabadilika pahali na pahali, lakini mfupa wake ni mumoja. Mwenye bunduki anakaa mjini. Anamupa kijana wa mugini bunduki na kartushi za kuhesabu. Kijana anarudisha nyama kwa hesabu. Kartushi isiyoleta nyama ni deni, na deni linakatwa mu sehemu yake. Mwenye bunduki anasema, "Minasaidia vijana wa kwetu." Tuhesabu musaada huo.

Kijana mwenye deni hawezi kupiga ndege mumoja anayeruka, juu anaweza kumukosa. Anangojea kanga wajikusanye chini, wanapochakura, halafu anapiga katikati ya kundi. Kartushi moja ya gramu 32 ya risasi ndogo iko na chembe zaidi ya 200. Tatu wanaanguka, na wengine wanaenda na chembe mu mwili wakafe ndani ya majani ambako hakuna mtu atawaokota, labda mbweha. Ao anawafuata usiku. Kanga wanalala juu ya muti, na wanapenda kurudia muti ule ule. Mwenye taa na kartushi tano anaweza kumaliza ukoo muzima kwa usiku mumoja. Mwindaji wa desturi alijua muti ule pia. Alikuwa anaupita, akiacha mbegu ya mwaka kesho, kwa sababu pori lile lilikuwa lake na la watoto wake. Kijana huyu pia anapenda pori lake, musizanie hapana, lakini deni linamuita kila siku kwa telefone.

Na bunduki je? Mwenye kukopa hana mafuta, hana kitambaa, hana fimbo ya kusafisha, na hakuna aliyemuonyesha pete. Kartushi zikiisha, anajaza maganda ya zamani na baruti ya kufanya mwenyewe na chembe za risasi ya betri iliyokufa. Chombo kinachosukumwa na nguvu ya kartushi hakiwezi kutembea na baruti zaifu. Kinakwama, na kukwama ni heri. Ubaya ni pale kizibo cha ndani kinapobaki katikati ya mtutu na kijana, mu haraka, anavuta tena: mtutu unapasuka karibu na mkono wake na uso wake. Kuna pia habari ya urefu. Bunduki nyingi za zamani za Ulaya zilitobolewa kwa kartushi ya milimita 65. Zinazouzwa leo mara nyingi ni za 70. Inaingia bila shida, juu mdomo wake umekunjwa. Ni wakati wa kufunguka njo inakosa nafasi, na nguvu inapanda mu chumba. Mwenye mali angepaswa kujua hayo, maana imeandikwa juu ya chuma chake. Lakini yeye anaangalia mizani ya nyama.

Sheria nayo? Sheria ya kuwinda namba 82-002 ya 28/5/1982 inaomba permi ya kuwinda, na ordonansi-sheria 85-035 ya 3/9/1985 inaomba permi ya silaha. Permi inaandikwa jina la mtu, haiandikwi jina la bunduki. Siku walinzi wanapomukamata kijana pembeni ya Lufira, karatasi iko mjini mu sanduku la mwenye mali, na ni kijana anayelala ndani. Inchi hii imetoka mu vita. Mtu wa pori akikutwa na silaha isiyo yake, hakuna anayemuuliza kwanza kama anawinda kwale.

Watanijibu: "Kijana wa mugini hana franga ya kununua otomatike. Ukikataza kukopesha, unamukatalia nyama." Jibu langu ni kwamba mwindaji wa ndege hahitaji otomatike. Kalibri 12 ya mtutu mumoja, ya kuvunja katikati, inafunguka kwa kidole, inasafishwa kwa kamba na kitambaa, haina pete ya kusahau. Mwenye moyo wa kusaidia amusaidie kijana kupata ile, na permi kwa jina lake mwenyewe, alipe polepole. Hapo atasafisha, juu ni yake. Atachagua ndege, juu kartushi ni zake. Kukopesha kunamufanya kijana mtumwa wa chuma cha mwingine, na sioni namna gani chama cha desturi kinaweza kuita hiyo musaada.

Na kwa wale wanaopenda otomatike na wanawinda wenyewe, mimi siwapigi vita. Ni chombo kizuri, na bega linasikia pigo kidogo kuliko ile ya mtutu mumoja. Ila tano ni nyingi kwa ndege. Wamarekani, wenye bunduki kutushinda sisi wote, tangu 1935 wanakataza zaidi ya kartushi tatu kwa ndege wa kuhama. Ulaya pia, mu sheria yake ya ndege ya 1979, ilikataza bomba la kubeba zaidi ya mbili. Wanafanya namna gani? Wanaweka kijiti mu bomba. Kijiti tu! Muchongaji yeyote wa Bukama ao Kasenga anaweza kukitengeneza mu nusu saa. Mbili mu bomba, moja mu chumba: asiyepata kwale kwa tatu, kwale amemushinda, aende kulala. Sizungumuzi Parki ya Upemba, pale kuwinda kumekatazwa. Nazungumuza ziwa la Tshangalele na mabwawa ya Lufira, ambayo tangu 2017 yanahesabiwa kati ya maeneo ya maji yenye faida kwa dunia nzima. Bata wa kule wanameza vijiwe vya kusagia chakula, na wanameza chembe za risasi tunazoacha mu matope pamoja navyo, na sumu yake inawaua polepole. Hilo peke yake lingeomba makala ingine.

Mwaka huu tena kamati inataka kuweka meza ya silaha za bankambo siku ya sikukuu. Vizuri. Ninaomba sharti moja liandikwe mu programu. Mwenye kuleta bunduki ailete tupu, na permi yake mkononi. Kiisha aifungue mbele ya watoto: atoe mtutu, atoe resori, aonyeshe pete na kueleza kwa nini iko mbele ao nyuma, apanguze, arudishe kila kitu bila kuita fundi. Asiyeweza, aiache nyumbani, na nafasi yake juu ya meza apewe yule muzee wa mugini anayejua bado kupika ulimbo.