Git inapobadili mazoea yake, mwanafunzi wa Kisangani ndiye anayelipa

KISANGANI – Kijana anayejifunza kuandika programu anafuata somo la zamani alilopewa kwenye flashi. Anaandika amri ileile iliyo ndani ya somo, lakini kompyuta inamkatalia. Hakukosea. Chombo ndicho kilichobadilika.

Chombo hicho ni Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Inatunza historia ya kila badiliko, ili watu wengi waandike programu moja bila kufutiana kazi. Mtumiaji asipochagua mpangilio wake, Git inamchagulia. Uchaguzi huo ukibadilika, malalamiko huanza.

Si kila badiliko ni baya. Mwezi wa tano 2014, toleo la 2.0 liligusa amri ya kutuma kazi kwenye seva. Zamani amri hiyo ilituma matawi yote yenye majina yanayolingana na ya kule, hata yasiyokamilika. Sasa inatuma tawi moja tu, lile unalofanyia kazi. Hapo watu walipata usalama, na onyo lilitolewa mapema.

Jina la tawi la kwanza limeleta ubishi zaidi. Tarehe 1 mwezi wa kumi 2020, GitHub, tovuti inayohifadhi kazi za Git, ilianza kuliita «main» badala ya «master», neno linalowakumbusha wengi utumwa. Git yenyewe ilibaki na «master», na imetangaza kuliacha katika toleo la 3.0. Hivyo mwanafunzi anaweza kujikuta na matawi mawili, kazi yake ikiwa kwenye lile ambalo wenzake hawalitazami.

Tena, tangu tarehe 13 mwezi wa nane 2021, GitHub haipokei neno la siri la akaunti katika amri za Git. Somo linalofundisha njia hiyo halifai tena.

Wenye intaneti ya kudumu husoma maonyo na kuendelea. Anayenunua megabaiti kidogo kidogo hupata habari baada ya kukwama.

Kinga ipo, na ni ya bure. Tangu toleo la 2.28 la mwaka 2020, mtumiaji anaweza kuandika mwenyewe jina analotaka katika mpangilio wa «init.defaultBranch». Alichokiandika mwenyewe, toleo jipya halikigeuzi. Walimu nao waandike juu ya kila somo namba ya toleo na tarehe, ili mwanafunzi ajue kama anasoma ya leo au ya jana.