Mimba Changa na Mtoto Mdogo: Mzigo wa Nani?

Ofisi zetu zina desturi ya kumhurumia mja mzito pale tu tumbo linapoonekana. Mwalimu mwenye mimba ya miezi minane hupewa kiti, huachiwa nafasi ya mbele katika foleni, na wenzake humpokea mzigo bila kuombwa. Lakini mwalimu huyo huyo, mimba ilipokuwa ya wiki 8, alitapika mara tatu kabla ya kengele ya kwanza, akachelewa gwaride, akatakiwa kujieleza kwa maandishi. Hakusema kitu, kwa kuwa mimba changa haitangazwi. Na nyumbani alikuwa amemwacha mtoto wa miaka miwili akilia mlangoni, amekataa uji, amekataa kuvaa, amekataa kila mtu isipokuwa mama yake.

Wako, ndugu wasomaji, watakaosema kwamba hayo ni mambo ya jikoni yasiyostahili ukurasa huu. Mimi nasema yanastahili. Walimu na wauguzi wengi wa nchi hii ni wanawake walio katika umri wa kuzaa, na jambo linalowaangusha kwa majuma kadhaa kila wanapobeba mimba haliwezi kuitwa siri ya chumbani.

Kwanza tuondoe uzushi. Kuna wanaume, tena wasomi, wanaoamini kwamba kichefuchefu cha mimba ni deko. Wengine husema mimba imemkataa mume, kwa sababu tu mke hawezi kuvumilia harufu ya jasho lake, kama asivyoweza kuvumilia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Ukweli ni kwamba wajawazito saba au zaidi katika kila kumi hupatwa na hali hiyo. Kwa kawaida huanza kwenye wiki ya 6, hupamba moto karibu na wiki ya 9, na kwa walio wengi hutulia kati ya wiki ya 14 na ya 20. Tena haishiki saa za asubuhi peke yake. Mchana na usiku nao hutapika. Mwezi Desemba 2023 watafiti walieleza katika jarida la Nature kwamba chanzo kikubwa ni homoni iitwayo GDF15, ambayo hutolewa kwa wingi na kijusi na kondo la nyuma na kufanya kazi yake katika ubongo wa mama. Mwanamke ambaye kabla ya mimba alikuwa na kiasi kidogo cha homoni hiyo ndiye anayeumia zaidi. Anayemwambia mkewe ajikaze, basi, anamwambia ajikaze dhidi ya damu yake mwenyewe.

Tumtazame sasa huyo mtoto, maana kwake ndiko dhuluma ilipo kubwa. Mtoto wa umri wa mwaka mmoja na nusu hadi miaka mitatu ana hasira kubwa na maneno machache. Sehemu ya ubongo inayotuliza ghadhabu bado ni changa mno. Mama aliyekuwa akimbeba na kumwimbia ghafla analala kutwa, anamsukuma kando, anakimbilia chooni. Mtoto hajui ugonjwa. Anachojua ni kwamba amepoteza nafasi yake. Atanuna, atarusha sahani, ataamka usiku na kulia. Na majirani watatoa hukumu: mtoto amebemendwa. Yaani wazazi wamekosa subira, na mimba mpya ndiyo inayomdhoofisha. Mama anayetapika anabebeshwa na aibu juu yake.

Sisemi kwamba wahenga walikuwa wajinga. Katika imani ile ya kubemenda mna hekima ya kupanga uzazi, na Shirika la Afya Duniani nalo linashauri ipite walau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kutunga mimba nyingine. Hata jina kwashakoo lilitoka kwa Waga wa Ghana, likaingizwa katika uganga wa kisasa na daktari Cicely Williams mwaka 1935; maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeng'olewa mahali pake na mdogo wake. Lakini kinachomdhoofisha mtoto huyo ni kuachishwa ziwa ghafla na kupewa uji mtupu usio na maharage, dagaa wala maziwa. Kwa mimba isiyo na matatizo, hakuna sababu ya kumnyima ziwa mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili, ingawa mama aliyechoka ana haki ya kupunguza kidogo kidogo.

Anachohitaji mtoto huyo ni utaratibu usiobadilika. Mtu yule yule amwogeshe, saa ile ile. Aambiwe kwa maneno mepesi kwamba mama tumbo linauma, na kwamba si yeye aliyeliumiza. Apewe dakika zake za kulala kando ya mama, hata kama mama hawezi kuinuka. Na mtu huyo wa kuogesha asiwe daima msichana wa kazi, ambaye mara nyingi naye ni mtoto wa watu.

Ni baba. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Ujamaa Vijijini la mwaka 1967, alikiri waziwazi kwamba wanawake walikuwa wakifanya kazi kupita sehemu yao ya haki, mashambani na majumbani. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado yuko afisa anayeweza kuandaa bajeti ya idara nzima lakini hawezi kupika uji wa mwanawe. Kukaanga vitunguu nje ya nyumba, kuamka kwanza na kumpelekea mke kipande cha muhogo mkavu au kiazi kabla hajainuka kitandani, kumtoa mtoto nje jioni mama apumzike: hayo hayahitaji shahada.

Lipo pia la tiba. Woga wa dawa una historia yake: thalidomide, iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na kutumiwa na wajawazito kwa kichefuchefu, iliondolewa sokoni humo mwaka 1961 baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu. Lakini leo zipo dawa zilizopimwa kwa miaka mingi, ikiwamo vitamini B6 pamoja na doksilamini, na mganga anaweza kuziandika. Mama asiyeweza kubakiza hata maji kwa siku nzima, mkojo ukawa mchache na mweusi, au uzito ukaporomoka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kwetu sisi, kutapika kukiwa na homa lazima kupimwe malaria. Si kila kichefuchefu ni cha mimba. Na vidonge vya kuongeza damu vikimzidishia kichefuchefu, amweleze muuguzi badala ya kuvificha chini ya godoro.

Nimalizie na ofisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, lakini inaanza mapema zaidi wiki 4 kabla ya tarehe ya kujifungua, isipokuwa daktari ashauri vinginevyo. Baba anapata isiyopungua siku 3, nazo ni za baada ya mtoto kuzaliwa. Wiki zile ngumu za mwanzo hazina jina katika vifungu hivyo. Ipo hata hivyo likizo ya ugonjwa, siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili, na cheti cha daktari kinaifungua. Wengi hawaiombi kwa kuogopa kwamba siri itafika chumba cha walimu kabla yao. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayepokea cheti hicho akifunge kwenye jalada lake na asikijadili na mtu. Na pale ambapo cheti hakijafika lakini dalili anaziona, abadilishe vipindi viwili vitatu katika ratiba, kwa muda wa wiki 8 hivi, bila kuuliza maswali.