Baridi Hii, Tusome Pamoja

Ndugu zangu wa Mbeya na Iringa, baridi ya Juni na Julai mnaijua. Kuanzia Uyole hadi Mafinga, giza likiingia tu milango inafungwa na familia nzima inalizunguka jiko. Saa hizo ni zetu wenyewe. Naomba tuzitumie kusoma.

Sisemi vitabu vya mtihani, hivyo tunavyo tele. Ingia duka la vifaa vya shule Mwanjelwa au Miyomboni: utakuta madaftari, kalamu, na vitabu vya maswali na majibu vya darasa la saba na kidato cha nne. Ukiulizia kitabu cha hadithi, muuzaji atataka kujua ni cha kidato cha ngapi. Hilo linaniuma, maana ndivyo tulivyowalea watoto: kitabu ni cha kufaulia, na aliyekwisha kufaulu hana haja nacho.

Tuanze na vinavyotuhusu. Mugyabuso Mulokozi, profesa wa Kiswahili na mzaliwa wa Kagera, aliwaandikia vijana riwaya za Uhehe ya zama za Mkwawa: Ngome ya Mianzi, Ngoma ya Mianzi na Moto wa Mianzi. Mtu wa kule Ziwa Viktoria amewaandikia watoto wetu historia yetu, na nyumba nyingi za huku hazina hata nakala moja! Mtoto wa darasa la sita anaziweza. Akimaliza, mpelekeni Kalenga, si mbali na Iringa mjini, akalione fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Atawauliza maswali njia nzima, nanyi msichoke kumjibu. Mkubwa anayependa tamthilia achukue Mukwava wa Uhehe, ya mwandishi huyohuyo, kisha siku moja asimame Lugalo, mahali Wahehe walipowashinda Wajerumani Agosti 1891.

Kwa watu wazima nashauri pia Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o, iliyotoka mwaka 1977, kisa cha kijana anayerithishwa uchawi. Mtoto mdogo itamtisha, mwekeeni mbali. Lakini sisi wakubwa tuisome na tuizungumze waziwazi, kwa kuwa hofu ya kurogwa bado inavunja koo na kuwafukuza wazee vijijini kwetu. Wapo pia wanaomfahamu Harrison Mwakyembe kama mbunge wa zamani wa Kyela, wasijue kwamba mwaka 1981 alitoa riwaya, Pepo ya Mabwege. Itafuteni.

Mkulima wa viazi Uporoto au wa chai Rungwe nampendekezea Utubora Mkulima ya Shaaban Robert. Utubora anaacha kazi ya mshahara na kushika jembe, kwa hiari yake na kwa heshima kamili. Kijana anayeona shamba ni adhabu, asomewe kitabu hiki na baba yake. Na wewe uliyesikia Abdulrazak Gurnah amepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021 ukadhani vitabu vyake ni vya wajuao Kiingereza tu, riwaya yake Peponi ipo kwa Kiswahili tangu 2022, imefasiriwa na Ida Hadjivayanis.

Wadogo wana hazina yao. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, umewezesha vitabu vingi vya picha na hadithi fupi kuchapishwa nchini kwa Kiswahili. Mpakate mtoto, pitisha kidole chini ya maneno, simama kabla ya neno la mwisho umwachie alimalize. Akitaka kilekile cha jana, msomee kilekile. Na bibi asiyejua kusoma asiachwe pembeni: mjukuu amsomee ukurasa, naye amlipe kwa ngano ya Kinyakyusa, Kisafwa au Kihehe.

Najua fedha ni ngumu. Ndiyo maana zipo maktaba za mkoa, Mbeya na Iringa, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Wengi tunapita nje yake mwaka mzima tukidhani ni mahali pa wanafunzi wanaojiandaa na mtihani. Vikundi vya vicoba navyo vinaweza: wanachama wachangie kitabu kimoja kila mwezi, kizunguke nyumba kwa nyumba. Makanisa na misikiti itenge rafu moja tu. Walimu, fungueni makabati. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi kuliko kipya kilichofungiwa.

Jumamosi hii mshike mwanao mkono, mwende maktaba. Achague chake, nawe uchague chako, na jioni akuone unakisoma.